Osotua na esile: aliyepewa mbuzi wakati wa ukame anadaiwa?

Mdadisi_Malisho: Wakuu, naandaa maelezo kuhusu kaya za Wamaasai zinavyosaidiana ukame ukibana. Kuna osotua na kuna esile, na wengi wanavichanganya. Aliyepewa mbuzi 5 leo anadaiwa 5 mvua zikirudi? Na kwa Warendille na Wagabra ni hivyohivyo?

Kifimbo: Kama ni osotua, hadaiwi. Esile ndiyo deni: idadi inajulikana na lazima irudi. Osotua ni urafiki wa kusaidiana wakati wa shida; asili ya neno ni kitovu, kile kinachomfunga mtoto na mama yake, na hakuna anayehesabu. (Biblia ya Kimaa inatumia neno hilohilo kwa "agano", kwa hiyo pima uzito wake.) Masharti ni machache ila makali: huombi bila shida ya kweli, unaomba kiasi cha shida tu, na mwombwaji hutoa ikiwa kutoa hakumwangushi yeye. Umeomba mbuzi 2, unapewa 2. Siku akija yeye kuomba ng'ombe, humjibu "mbona ulinipa mbuzi tu". Watoto huurithi uhusiano huo. Halafu waliopeana mnyama huitana kwa mnyama huyo: pakiteng' kwa ng'ombe, pakerr kwa kondoo.

Ngamia_Mweupe: Kaskazini mwa Kenya ni habari nyingine. Katika maal ya Warendille unakabidhiwa ngamia jike ambaye hajazaa. Maziwa ni yako, madume watakaozaliwa ni wako. Majike na uzao wao hubaki wa mwenyewe. Dabare ya Wagabra nayo ni ya kukabidhiana, si ya kupeana moja kwa moja. Kwa hiyo mdadisi, ukihesabu ngamia zizini ukaandika "mali ya kaya" umekosea; huenda nusu yao hawawezi kuuzwa na anayewakamua. Busa gonofa ya Waborana usiiweke kapu moja na hizi: pale ukoo ndio unaochangia aliyefilisika.

Mdadisi_Malisho: Sawa. Sasa inashindikana wapi?

Nyanda_Kame: Marafiki wote wakiwa bonde moja. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Mwombaji na mwombwaji wote walikuwa wanachuna ngozi za mifugo yao iliyokufa. Mwenye rafiki mbali, kwenye mvua tofauti, ndiye mwenye akiba.

Kosa lingine ni wakati. Ng'ombe aliyekonda ukimtembeza siku tatu kwenda kwa mpokeaji anafia njiani. Ukame ukiwa umepamba moto, kinachofaa kuombwa ni chakula, mbuzi wa kuuza au nafasi ya malisho. Mifugo ya kuanzia upya ingoje majani yaote, na ianze na mbuzi: mimba miezi 5, ng'ombe 9, ngamia kama 13.

Kifimbo: Naongezea: anayeomba huku zizi lake limejaa hashtakiwi popote. Safari ijayo ataambiwa tu "hakuna", na watu wanajua kwa nini.