Leo tumefunga ya 20, na H hajulikani

Kikundi: UKOO WA BI MKUBWA 🌙
Jumapili, 2 Mei 2021 (saa ni za simu ya Rukia, Leicester)

15:05 Rukia: Assalaam alaykum wote. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Line of Duty, ile tamthilia ya polisi, sehemu ya saba na ya mwisho ya msimu huu, saa tatu kamili za usiku huku, BBC One. Zanzibar itakuwa saa tano, Maskati saa sita. Bado masaa sita na koo limenikauka, basi tujisahaulishe. Nani H, yule polisi msaliti?

15:07 Twaha: Hastings. Hakkika

15:08 Salma: Bibi kaniambia nimsomee kila kitu kwa sauti, kwa hiyo msiandike kwa fujo

15:08 Salma: Na anasema Twaha muongo. Mzee wa Punda hawezi

15:10 Ami Haji: Wa alaykum salaam. Huku leo tumefunga ya 20. Magharibi ikiingia tu, kumi la mwisho limeanza. Watu wanatafuta Lailatul Qadr, nyinyi mnatafuta H.

15:11 Rukia: Ami, inaanza saa tatu tumeshafuturu, inakwisha saa nne na Isha ndiyo kwanza inaingia. Hata BBC wamezingatia 😂

15:12 Ami Haji: Mimi mambo hayo sitazami.

15:14 Mama Nasra: Mie nimepotea tangu wiki ya tatu jamani. Simu ilijaa, mkwe akaniambia ngoja nikusafishie, akafuta sauti zote Rukia alizonitumia kunisimulia. Nikumbusheni kabla hakujaadhiniwa

15:21 Rukia: Shangazi, kwa ufupi. Kuna kikosi cha polisi kinachochunguza polisi wenzao, kinaitwa AC-12. Mkubwa wao Hastings, ndiye sisi tunamwita Mzee wa Punda, kwa kile kiapo chake cha Yesu, Maryamu, Yusufu na kijipunda. Chini yake yuko Arnott, yule Kizibao, hajapata kuvuliwa kizibao tangu 2012, na Kate. Miaka yote hiyo wanamsaka polisi anayewalinda majambazi. Mwaka 2016 mwenzao Cottan akagundulika ndiye msaliti, akakata roho mikononi mwa Kate, akaacha herufi moja: H. Tukahangaika na H mpaka 2019, ndipo wakaitazama tena ile video ya kufa kwake wakaona vidole vinagonga. Nukta nne. Kwa Morse nukta nne ni H, lakini pia nne ni nne. Maana yake H si jina la mtu, wasaliti wako wanne. Cottan, Hilton, na yule mwanasheria Gill Biggeloe, hao watatu tumeshawajua. Wa nne ndiye wa leo.

15:23 Mama Nasra: Na yule binti aliyekuwa akilia lia?

15:26 Rukia: Jo Davidson. Majambazi wamemshika tangu utotoni, anatumiwa amri kwenye kompyuta na mtu asiyemjua. Wiki iliyopita katika mahojiano wakamwambia baba yake ni Tommy Hunter, jambazi mkuu mwenyewe. Na huyo Tommy ndiye mjomba wake

15:27 Salma: Bibi kasema astaghfirullah mara tatu, usilirudie hilo tena

15:27 Salma: Anauliza huyo binti sasa yuko wapi

15:28 Rukia: Gerezani. Na walinzi wenyewe si wa kuaminika

15:29 Salma: Anauliza nani anampelekea chakula

15:30 Rukia: Bibi mambo ya chakula hawajatuonyesha 😭

15:31 Twaha: Turudi kwa Hastings. Moja, alikwenda gerezani akamwambia jambazi kwamba kuna polisi ndani ya genge lao. Yule polisi, Corbett, akachinjwa. Mbili, kampa mjane wake pauni 50,000 kimya kimya. Mtu safi hatoi pauni elfu hamsini kwenye bahasha

15:33 Rukia: Anatoa akiwa na majuto

15:33 Twaha: Tatu, "definately"

15:34 Mama Nasra: Nini hicho

15:36 Rukia: Ile "definitely" ya Kiingereza. Mkubwa anayetuma amri kwenye kompyuta huiandika kwa a, "definately". Kila mara anaikosea vile vile. Na mwaka 2019 Hastings alipojifanya yeye ndiye H ili awatege majambazi, naye akaandika kwa a. Yeye anasema aliiga makusudi

15:37 Salma: Bibi hajaelewa. Nimfafanulieje

15:38 Rukia: Mwambie ni kama mtu aandike hakika kwa k mbili pamoja

15:39 Salma: …

15:39 Salma: Twaha

15:39 Mama Nasra: TWAHA 😂😂😂 kumeadhiniwa narudi

15:40 Twaha: Nimezaliwa Northampton, mnionee huruma

15:41 Ami Haji: Miaka saba nimelipia madrasa ya Jumamosi.

15:44 Rukia: Futari njema Maskati. Zanzibar bado nusu saa. Sisi tuna masaa matano ya mateso, na mpaka tarehe 17 haturuhusiwi kukaa nyumba moja na watu wa nyumba nyingine. Mwaka wa pili huu nafuturu na runinga

16:02 Mama Nasra: Nimerudi na tende mdomoni. Si kuna yule wa picha? Nyote mlipiga kelele siku ile

16:05 Rukia: Thurwell. Kwenye sehemu ya tano waliweka picha yake kwenye kompyuta, na picha yenyewe ni ya James Nesbitt, mwigizaji mkubwa kabisa. Nchi nzima ikasema basi, ndiye huyu, maana hawezi mtu kama yule kuitwa kwa picha tu. Sehemu ya sita wakamkuta maiti Hispania

16:06 Salma: Yaani kalipwa kwa picha ya pasipoti

16:07 Salma: Mie siamini maiti ya tamthilia mpaka nione kaburi. Nasema yuko hai. Andika jina langu hapo

16:09 Rukia: Mie ni Osborne, mkuu wa polisi wote. Ndiye anayetaka AC-12 ivunjwe. Yule mwandishi wa habari, Gail Vella, alikuwa akichimba habari zake, akapigwa risasi. Anayefaidika ni nani? Mtu anapotaka kuizima taa, jua kuna kitu hataki kionekane

16:11 Salma: Bibi anaondoka kwenda kufuturu. Kasema msitaje jina kabla hajarudi

17:20 Salma: Karudi. Tumekula muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, nawaambieni kwa ubaya tu

17:21 Twaha: Salma acha

17:22 Salma: Bibi ana mtu wake. Kizibao

17:22 Rukia: Arnott?? Kwa nini

17:24 Salma: Anasema "kijana anayemeza vidonge kwa siri na bado kila siku kapiga pasi, huyo ana la kuficha"

17:25 Rukia: Ni vya maumivu Bibi, alisukumwa kwenye ngazi kazini

17:26 Salma: Kasema "ndivyo wanavyosema wote"

17:29 Mama Nasra: Bi Tabasamu je? Carmichael, yule mkubwa mpya wa polisi. Anayetabasamu hivyo huku anakuuma si mtu mzuri

17:31 Rukia: Hapana shaka ni mbaya, ila ubaya wake uko wazi mno. Kaletwa kulifunga jalada. Akiwa ndiye, watoto wa darasa la tatu watasema tulijua

17:33 Twaha: Basi amebaki yule mjinga, Inspekta Buckells 😂 Goigoi

17:34 Ami Haji: Superintendent. Inspekta alikuwa 2012.

17:34 Rukia: …

17:34 Mama Nasra: 👀

17:35 Rukia: AMI

17:36 Ami Haji: Nilipita sebuleni.

17:36 Twaha: Anapita sebuleni kila Jumapili saa tatu. Anapita akiwa amekaa

17:37 Salma: Bibi anacheka mpaka anakohoa

17:49 Ami Haji: Haya, kwa kuwa mmenitoa kwenye tasbihi yangu, nisikilizeni mara moja na sitarudia. Nyote mnatafuta mwerevu. Mnadhani aliyeficha siri miaka tisa lazima awe na akili za ajabu. Mimi nilikaa ofisini miaka 22 kabla sijaja huku. Palikuwa na bwana mmoja hajui hata kupanga mafaili kwa alfabeti. Kila tukimshitaki anahamishwa, na kila akihamishwa anakalishwa kiti kikubwa zaidi ya cha mwanzo. Sisi tukawa tunamcheka. Tulimpa na jina. Siku alipostaafu ndipo stoo ilipofunguliwa, ndani mna buibui peke yake. Sasa tazameni Goigoi. 2012 anaharibu kazi, anapanda. Msimu wa nne anaharibu, anapanda. Sasa ni Superintendent na hawezi kuwasha kompyuta bila kuita mtu. Nani anampandisha? Na yule Cottan majambazi walimpa jina gani? Caddy. Mbeba fimbo za gofu. Gari la Goigoi lilipofunguliwa, kwenye buti mlikuwa na nini?

17:50 Rukia: Fimbo za gofu

17:50 Rukia: Ya Rabbi

17:51 Twaha: Baba hapana. Alifungwa! Yule wakili Lakewell alinyongwa ndani ya chumba chake cha gerezani, mbele ya macho ya Goigoi, naye akawa anatetemeka. Walimtisha. Angekuwa mkubwa wangemtisha?

17:53 Ami Haji: Wewe uliona anatishwa. Mimi niliona anaarifiwa kwamba kazi imekwisha.

17:54 Mama Nasra: Nywele zimenisimama

17:55 Salma: Bibi anasema "mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani"

17:55 Salma: Lakini bado yuko na Kizibao

17:58 Rukia: Ami hoja nzuri ila siitaki. Tumengoja miaka tisa tuambiwe ni Goigoi? Watu watavunja vioo

17:59 Ami Haji: Ndiyo maana atakuwa yeye. Hakuna aliyewahi kumtilia maanani.

18:03 Twaha: Tuwekeane. Atakayekosa anatoa pauni 10

18:03 Ami Haji: Kamari. Mchana wa Ramadhani. Ya Latifu.

18:05 Rukia: Si kamari Ami, atakayekosa anamtumia Bibi vocha ya simu. Ni sadaka yenye mashaka kidogo

18:06 Salma: Bibi anasema "iko sawa hiyo"

18:07 Rukia: Basi: Twaha kwa Hastings, mie Osborne, Salma maiti wa Hispania, Bibi Kizibao, Ami Goigoi. Shangazi?

18:08 Mama Nasra: Bi Tabasamu. Siwezi kumwacha

18:10 Twaha: Jambo moja limenikera lakini. Mnajua Kizibao kwa kweli ni Mskoti? Lafudhi yote ile ya London anaigiza. Kama mtu anaweza kudanganya kwa mdomo miaka tisa…

18:11 Salma: Bibi kapiga makofi. Kasema "si niliwaambia"

18:12 Rukia: Bibi huyo ni mwigizaji, si mhusika 😭😭

18:13 Salma: Simwambii hilo, amefurahi mno

20:34 Rukia: Allahumma laka sumtu. Maji. MAJI

20:41 Twaha: Sambusa ya nane

20:52 Rukia: Mtu asipige simu. Nikipigiwa kati ya saa tatu na saa nne najua ni msiba, na hata huo subirini kidogo

20:53 Mama Nasra: Huku inakaribia saa sita. Nakaa macho. Rukia, unitumie sauti moja moja, usimwage yote kwa pamoja

20:55 Salma: Bibi kesharudi tarawehe zamani, amelala. Kaacha wosia: asiamshwe isipokuwa ni kuhusu yule binti

20:58 Rukia: Muziki unaanza. Kwaheri ya kuonana

21:31 Twaha: Wameingia kwenye majalada ya zamani wanatafuta ile a

21:31 Rukia: TOKA KWENYE SIMU

21:47 Rukia: mlango unafunguliwa anaingia na pingu

21:48 Rukia: ni

21:48 Twaha: HAPANA

21:48 Rukia: GOIGOI

21:48 Twaha: HAPANA HAPANA

21:49 Mama Nasra: Nani jamani?? Nimeamsha nyumba

21:50 Rukia: Buckells shangazi. Goigoi. Kakaa pale anasema hana la kujibu

22:06 Twaha: Miaka TISA. Si mkubwa wa chochote. Tarishi tu, anapokea ujumbe huku anapeleka kule, anakula pesa. Na ile a alikuwa haigi mtu, hajui tu kuandika

22:08 Rukia: Nimekaa sakafuni. Nina hasira, na wakati huo huo naona ndivyo ilivyo. Hivi ndivyo ilivyo kweli. Lakini nina hasira

22:09 Mama Nasra: Bi Tabasamu hana hatia?

22:10 Rukia: Hana hatia ya hilo. Mengine anayo yote

22:11 Salma: Kwa hiyo vocha tano. Ya Bibi mwenyewe je, ajitumie?

22:12 Rukia: Ya Bibi nalipa mie. Ami yuko wapi? Ami!! Umepatia!!

22:12 Twaha: Yuko juu anaswali. Alipita sebuleni saa tatu, akatoka saa nne. Hakusema neno, alinigusa bega tu

23:54 Ami Haji: Assalaam alaykum. Ndiyo kwanza naweka msahafu. Vipi, alikuwa nani?

23:55 Rukia: Ami!

23:55 Ami Haji: Mimi mambo hayo sitazami.

02:16 Salma: Tuko daku. Nimemwambia Bibi. La Goigoi hakulijibu. Anauliza yule binti kaishia wapi

02:19 Rukia: Nasi tuko daku. Mwambie walitaka kumwua njiani wakati anahamishwa, Kate na Kizibao wakawahi. Kapewa jina jipya, nyumba ya mawe shamba, mbali na watu. Ana bustani na mbwa

02:21 Salma: Kasema alhamdulillahi

02:22 Salma: Kisha kasema mbwa alale nje