Binti wa mwenzetu wa bao anapelekwa Nairobi kufanyiwa upasuaji wa moyo: tumsimamie vipi baba yake?

Mchezaji wa Langoni, Lamu

Assalamu alaikum, ndugu zangu na dada zangu.

Mimi ni mmoja wa wachezaji wa bao tunaokutana kila siku baada ya swala ya Alasiri kwenye baraza moja huku Langoni. Hatuna katiba wala ofisi. Tuna mabao mawili, mfuko wa komwe, yaani mbegu tunazochezea kama kete, na watu wapatao kumi na wanane waliozoeana kwa miaka mingi. Mwenzetu mmoja, fundi seremala, ana binti wa miaka 6 ambaye huja naye karibu kila jioni. Mtoto huyu huchutama kando ya baraza, magoti yakigusa kifua, na mchezo ukimalizika yeye ndiye huhesabu kete zinaporudishwa mfukoni mpaka zitimie 64. Sote tuliamini kwamba anapenda mchezo. Midomo yake ilipogeuka rangi baada ya kupanda kichochoro, tulimtania kwamba amekula zambarau.

Mwezi uliopita daktari wa moyo aliyemwona Mombasa alieleza kwamba mtoto ana maradhi ya kuzaliwa nayo yanayoitwa tetralojia ya Fallot, yaani kasoro 4 za moyo zinazokwenda pamoja, na kwamba kule kuchutama ni njia yake ya kutafuta pumzi. Tangu siku hiyo kuna wazee katika baraza letu ambao hawawezi kulitaja neno zambarau.

Upasuaji utafanyika Nairobi, na baba ataondoka naye wiki ijayo. Mchango tumeuanza na watu wameitikia vizuri, hivyo sikuja hapa kuomba fedha. Ninaloomba ni ushauri wa waliopitia jambo hili. Kwanza, ni msaada gani hasa anaouhitaji mzazi akiwa mbali na nyumbani, mbali na ule wa kutumiwa fedha? Pili, kuna tofauti ya mawazo kati yetu: baadhi wanaona ni utovu wa adabu kucheza bao ilhali mtoto wa mwenzetu yuko kwenye kisu, na wanataka tulifunge baraza mpaka arudi. Wengine, nami nikiwamo, hatuna hakika. Tafadhali tuelekezeni.

Baba wa watatu, Malindi

Waalaikum salaam, kaka. Mwenyezi Mungu amjalie mtoto afya.

Mwanangu wa pili alifanyiwa upasuaji wa moyo akiwa na miaka 4, na walionisimamia walikuwa wenzangu wa timu ya mpira ya maveterani hapa Malindi. Nitasema wazi yaliyonifaa na yaliyoniumiza, kwa kuwa naona mnauliza kwa nia njema.

Fedha zilikuja haraka, zote katika wiki ya kwanza, kisha kimya. Upasuaji wenyewe uliahirishwa kwa sababu mtoto alipata mafua siku mbili kabla, na madaktari hawampi mtoto dawa ya usingizi kwa upasuaji wa moyo akiwa na kifua kibovu. Tulikaa Nairobi wiki tatu zaidi. Bili ya hospitali ilikuwa imepangiwa, lakini chumba cha kulala, chakula changu, nauli za matatu za kila siku, nepi na maji ya kunywa hakuna aliyezipigia hesabu, na mimi niliona haya kuomba tena kwa watu ambao walikwisha kuchanga. Kwa hiyo msimkabidhi zote kwa mkupuo mmoja. Wekeni sehemu kwa mweka hazina wenu, na mumwambie baba tangu mwanzo kwamba sehemu hiyo ni ya siku zitakazozidi, ili asilazimike kufungua mdomo.

Jambo la pili ni simu. Siku ya upasuaji nilipigiwa na watu wasiopungua arobaini, wote wakinipenda, na kila mmoja nilimweleza upya jambo ambalo sikuweza kulieleza hata mara moja. Ilipofika adhuhuri simu ilikwisha chaji, na muuguzi aliponitafuta hakunipata. Chagueni mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na huyo ndiye awape habari ninyi wengine. Awe ni mtu anayejua kunyamaza kwenye simu. Mimi niliyepewa alikuwa kipa wetu wa zamani. Alikuwa akinipigia baada ya Isha, akisema tu, "Nipo," kisha anangoja. Siku nyingine hatukusema neno kwa dakika kumi.

Kuhusu makaratasi, kama familia imejiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, mwezi Oktoba 2024, hakikisheni michango yao imelipwa na kwamba idhini ya upasuaji imeombwa mapema kupitia hospitali yenyewe. Mpelekeni mtu mwenye subira akafuatilie hilo kabla ya safari. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa mkononi hapaswi kusimama kwenye dirisha la bima.

Kuhusu bao, kaka, msilifunge. Niliporudi nikakuta timu haikufanya mazoezi kwa mwezi mzima kwa ajili yangu, na nilijihisi kama mtu aliyeleta msiba ilhali mwanangu yu hai.

Muuguzi, Malindi

Nimefanya kazi na watoto wa aina hii, kwa hiyo nitagusa yale ambayo ninyi marafiki mnaweza kuyasimamia kwa mikono yenu.

Safari ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kuvuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, ni siku nzima ya joto. Mtoto mwenye Fallot ambaye hajafanyiwa upasuaji mara nyingi damu yake huwa nzito, na akikosa maji huwa hatarini. Anyweshwe maji kidogo kidogo njia nzima, na asiachwe akatapika au kuharisha bila kuonwa na daktari. Kama fedha zinatosha kuwasafirisha kwa ndege kutoka uwanja wa Manda, muulizeni daktari wake kama anaruhusu, na akiruhusu, hapo ndipo mchango wenu utakuwa umefanya kazi kubwa.

Akichutama, mwacheni achutame, iwe ni stendi au gatini. Magoti yanapokunjwa, mishipa ya miguu hubanwa, damu inayoelekea mwilini hupata upinzani, na hivyo damu nyingi zaidi husukumwa kwenda mapafuni kuchukua oksijeni. Mtoto amejifundisha mwenyewe dawa hiyo. Akibadilika rangi ghafla na kuhema kwa nguvu, akunjwe magoti kifuani akiwa amelala, atulizwe, na apelekwe hospitali iliyo karibu bila kungoja. Nawaomba pia msijilaumu kwa habari ya zambarau. Nimewaona wazazi, walimu, hata watu wa afya, wakilitazama jambo hilohilo kwa miaka bila kulijua.

Kabla ya kusafiri, meno yake yakaguliwe, kwa kuwa jino bovu hupeleka vijidudu kwenye damu na vikafika moyoni. Kuhusu damu, hospitali mara nyingi huomba jamaa wachangie ili kujaza hazina iliyotumika, na kwa kawaida si lazima iwe ya kundi la mtoto. Mtu mzima mwenye afya na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia. Bila shaka mna vijana wa Lamu wanaosoma au kufanya kazi Nairobi. Wapigieni sasa, wawe tayari.

Mwandaeni baba kwa atakayoyaona. Katika upasuaji wenyewe tundu lililo kati ya vyumba vya chini vya moyo huzibwa kwa kiraka na njia ya kuelekea mapafuni hupanuliwa, na wakati huo mashine ndiyo huzungusha damu. Baadaye mtoto hulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mrija wa kupumulia mdomoni, mirija ya kutoa maji kifuani, na uso uliovimba kidogo. Baba aliyeambiwa mapema huingia akamshika mkono. Wengi wasioambiwa hurudi nyuma mlangoni.

La mwisho, mfupa wa kidari hukatwa na kuunganishwa tena, na huchukua wiki 6 hivi kushikana. Muda wote huo mtoto asiinuliwe kwa kushikwa kwapani wala kuvutwa mkono. Mkono mmoja upite chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega, abebwe kama anavyobebwa mtoto mchanga, hata kama yeye mwenyewe ataona haya.

Mama wa Shela

Nimesoma yote na nimefaidika, lakini naona mmemzungumzia baba tu. Mama yake mtoto je? Kama amebaki Lamu na watoto wengine, yeye ndiye anayekaa na simu usiku pasipo hata muuguzi wa kumuuliza. Nilipokuwa katika hali hiyo, wanawake wa kikundi chetu cha kushona kofia walikuja kwa zamu, kila siku mmoja, akiwa na kofia yake mkononi. Hawakuuliza habari. Walikaa, wakashona vishimo vyao, wakawapa watoto chakula, wakaondoka Maghribi ilipokaribia. Ninyi wanaume hamwezi kukaa ndani mwake, lakini wake zenu na dada zenu wanaweza, na ninyi mnaweza kumletea samaki na kuni mlangoni na kumpeleka mwanawe mkubwa madrasa.

Nawaomba tena, msisambaze picha ya mtoto kwenye makundi ya simu kwa ajili ya mchango. Binti huyu atakua na ataolewa hapahapa mjini.

Juu ya bao, sikubaliani kabisa na ndugu wa Malindi. Si kila mtu anaumia kwa namna moja. Kama baraza liko karibu na nyumba yao, sauti za kete na vicheko zitamfikia mama huyo dirishani. Muulizeni yeye kwanza, kwa adabu, kupitia mtu wa nyumba yake.

Mchezaji wa Langoni, Lamu

Nimerejea baada ya wiki sita, na naomba radhi kwa kimya.

Alhamdulillahi, mtoto amefanyiwa upasuaji. Uliahirishwa mara moja, siku 8, na fedha tulizozibakiza kwa mweka hazina ndizo zilizowalaza. Vijana wanne wa kwetu walikwenda kuchangia damu. Baba yake anasema alipoingia katika chumba cha wagonjwa mahututi, kitu cha kwanza alichokitazama ni kucha za mtoto, na zilikuwa nyekundu kama za watoto wengine.

Mama wa Shela, tulikutii. Mama yake mtoto alijibu kupitia wifi yake kwamba tucheze, ila tuhamie baraza la mbele kidogo, nasi tukahama. Zamu za wanawake zinaendelea mpaka leo.

Baba naye alitushangaza. Kabla ya kupanda boti aliomba aanzishiwe mchezo na tuwe tukimchezea zamu moja kwa siku kwa ujumbe wa simu. Katika namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji ana kete 22 mkononi, kwa hiyo alijua mchezo huo ungemsindikiza wiki tatu na zaidi. Bao hilo tumeliweka peke yake juu ya kabati la mwenzetu, na hakuna anayeligusa. Siku ya upasuaji hakutuma kitu, nasi hatukuuliza. Kesho yake, baada ya Alfajiri, ulikuja ujumbe: "Shimo la tano, kichwa cha kulia." Yule mzee aliyetaka baraza lifungwe ndiye aliyeinuka kwenda kumchezea.

Wanarudi Jumamosi. Baada ya maneno yako, dada muuguzi, tuligundua kwamba hatari iliyobaki iko gatini. Boti zinapofika maji yakiwa yamekupwa, mtoto hushikwa mkono na kuvutwa juu ya ngazi na yeyote aliye karibu, nasi sote tumekuwa tukifanya hivyo maisha yetu. Tumezungumza na nahodha, naye amekubali kuwangoja Mokowe ili wafike hapa maji yakiwa yamejaa, ukingo wa boti ukiwa sawa na gati. Atakayempokea ni mtu mmoja tu, mweka hazina wetu, ambaye jana na juzi amekuwa akijizoeza kwa kumbeba mjukuu wake, mkono mmoja chini na mwingine nyuma ya mabega.