Mwajiri yuko Mombasa, mimi niko Malindi: barabara ni ya nani kulipia?

Binti wa Shela

Asalaam aleikum jamani, na wasiosalimiana hivyo habari zenu. Nina barua mkononi, nataka tuijadili bila kuoneana haya.

Kazi yangu ni ya stakabadhi. Nimeajiriwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, sisi mnaotuita watu wa kliaringi. Aprili 2020, wakati wa korona, serikali ilipotangaza kwamba kuanzia jioni ya tarehe 8 hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, mimi nilikuwa nishapanda gari kuja kwa babangu hapa Malindi, na begi moja na laptopu ya ofisi. Nilidhani ni wiki mbili. Barabara zilipofunguliwa tarehe 7 Julai mkubwa akasema, "Kaa hukohuko, kazi inakwenda." Ikaenda kweli. Nikarudisha chumba cha Kisauni kwa mwenyewe, kitanda nikauza. Tangu hapo naingia ofisini mara mbili kwa mwezi, nawapelekea samaki, narudi.

Sasa barua yasema kuanzia tarehe mosi sote ofisini, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili kamili. Sababu haikutajwa. Chini kabisa: "Tunathamini ushirikiano wako."

Wiki jana nilijaribu siku moja makusudi, nikaandika saa nyuma ya bahasha ya barua hiyohiyo. Saa kumi na dakika ishirini alfajiri natoka mlangoni. Baba nimemwachia chai kwenye chupa, mahamri mawili, na dawa zake za mchana kwenye kisosi. Gari likajaa na kuondoka saa kumi na moja na dakika kumi. Daraja la Kilifi saa kumi na mbili na robo. Mtwapa saa moja na dakika tano, na hapo tukalala. Kutoka Mtwapa saa moja na dakika arubaini. Mlango wa ofisi saa mbili na dakika ishirini na tano, na karani mwenzangu ananitazama kama niliyetoka kulala. Jioni nikatoka saa kumi na moja, nikagonga hodi nyumbani saa tatu kasoro dakika kumi. Dawa zilikuwa kwenye kisosi vilevile.

Hesabu ni nyepesi. Karibu saa nane njiani ili nifanye kazi saa nane. Kilomita kama 120 kwenda, 120 kurudi. Kwa siku tano ni 1,200. Nauli nililipa mia tano kila upande, kwa hiyo siku 22 za kazi ni shilingi 22,000.

Msimamo wangu ni huu: saa za barabarani ni gharama ya kazi. Ikiwa yeye ndiye anayebadilisha utaratibu, basi gharama hiyo ikae mezani tuione sote, aseme atabeba ipi: nauli, chumba, au saa pungufu za ofisini. Nakosea wapi?

Mhudumu wa Watamu

Dada, nakupa pole, lakini hebu nasi tuseme. Hii "kufanyia kazi nyumbani" mnayoililia wengine hatukuionja. Hoteli zilipofungwa 2020 nilirudishwa nyumbani bila mshahara. Nyumbani nilifanya kazi gani? Ya kuhesabu makuti. Sahani haioshwi kwa laptopu.

Mimi natoka Malindi saa kumi na moja asubuhi, nashuka Gede, boda mpaka Watamu. Zamu imekatwa vipande viwili, asubuhi na usiku, na mchana katikati naukaa chini ya mwembe nyuma ya jiko kwa sababu kurudi nyumbani ni kulipa nauli mara mbili. Saa zile za mwembe nani ananilipa? Nikisikia mtu analalamika kwamba ataketi kwenye kiti cha gari, nacheka kidogo. Usinielewe vibaya.

Binti wa Shela

Sikuelewi vibaya, kaka. Lakini hoja yako ni kwamba wewe unaonewa, sio kwamba mimi sionewi. Mwembe wako nao uingie kwenye hesabu.

Mwenye Ofisi Ndogo

Nitasema ya upande ule ambao hapa hautapendwa. Nina makarani watatu Mombasa, kazi kama hiyohiyo ya dada.

Kwanza, stima. Ikipotea Malindi saa nne asubuhi na karani wangu hana chaji, kontena la mteja linakaa. Likikaa, storeji inahesabiwa, na dimareji ya meli, yaani malipo ya kuchelewesha kontena lao, juu yake. Mteja hanipigii simu kuniuliza habari za babake karani, ananipigia kuniuliza pesa zake. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, vijana. Nina kijana aliyeanza kazi watu wakiwa majumbani. Anajua kujaza fomu zote. Lakini siku nilipompeleka bandarini wakati wa ukaguzi, kontena likafunguliwa, akasimama tu. Hakujua aangalie nini. Sisi tulijifunza kwa kukaa ubavuni mwa wakubwa, unasikia anavyozungumza na mtu wa forodha, unaona anavyokasirika na anapoamua kunyamaza. Hayo hayafundishwi kwenye WhatsApp.

Halafu tuambiane ukweli. Dada alipoajiriwa alikuwa anakaa Kisauni. Aliyehama ni yeye. La kujitakia halina kilio.

Binti wa Shela

Hapo kwa kijana umenigusa, na sina jibu la haraka. Ni kweli, nami nilifundishwa hivyo.

Lakini "aliyehama ni yeye"? Niliambiwa nikae. Mdomo wa mkubwa ulisema, masikio yangu yakasikia, na kitanda nikauza kwa maneno hayo. Kwa hiyo neno lake lilikuwa upepo?

Dada wa Vifungu

Niingie hapo kwa neno. Mimi si wakili, nimefanya kazi ya chama cha wafanyakazi muda mrefu kiasi cha kuijua Sheria ya Ajira ya 2007 kwa ukurasa.

Kifungu cha 10 kinataka mkataba utaje mahali pa kazi na saa za kazi. Kijifungu cha 5 cha hapohapo kinasema jambo kati ya hayo likibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, mkataba urekebishwe, na mabadiliko apewe kwa maandishi. Mtego ndio huo. Mkataba wako, dada, bila shaka unasema Mombasa. Ulipokaa Malindi kuna aliyeubadilisha kwa maandishi? Ikiwa hakuna, mwajiri atasema hakuna kilichobadilika leo, anakurudisha palepale mlipoandikiana. Wewe utasema miaka yote hii ya kukubaliana nayo ni mkataba. Una hoja, ila itabidi uithibitishe, kwa hiyo tafuta kila ujumbe uliowahi kuandikiwa juu ya kukaa Malindi na uuhifadhi leo, kabla ya kumjibu.

Na kuna kifungu cha 31 ambacho watu hukisahau: mwajiri amweke mfanyakazi nyumba ya kufaa kazini au karibu na kazini, au ampe pesa za kutosha za kodi juu ya mshahara, isipokuwa mkataba uwe umezichanganya humohumo kwenye mshahara. Tazama payslipu yako. Ukiona mstari wa posho ya nyumba, mwajiri atauliza: hii nimekuwa nikikulipa ya nini, si ya kukaa karibu? Nawe utamuuliza: kwa pesa hiyo, karibu na ofisi yako napata nini, mlango au dirisha?

Kwa ufupi sheria haikupi haki ya kubaki nyumbani. Inakupa haki ya kuulizwa, na wewe hukuulizwa. Ulipewa barua.

Mpwa wa Muyeye

Si uchukue chumba Mtwapa? Jumatatu mpaka Alhamisi unalala huko, Ijumaa unarudi. Wengi wanafanya hivyo. Elfu 22 za nauli zinalipa chumba na chenji inabaki.

Binti wa Shela

Na kisosi?

Mpwa wa Muyeye

Samahani shangazi. Nilisoma haraka.

Babu wa Feri

Wanangu, mnabishana juu ya kilomita kana kwamba zimezaliwa na barabara. Mimi nilifanya kazi Mombasa tangu daraja la Kilifi halijajengwa. Tulivuka kwa feri. Ukifika ng'ambo unakuta msururu, lori la mananasi mbele yako, basi la abiria nyuma, na jua linakupiga utosini. Hakuna mtu mwenye akili aliyelala Malindi akafanya kazi Mombasa. Tulipanga Majengo, watatu chumba kimoja, na nyumbani tulikuja mwisho wa mwezi na sikukuu. Mwajiri alijua kabisa: huyu ametoka mbali. Ukiomba ruhusa ya maziko alikupa siku tatu, kwa sababu ya feri.

Daraja likafunguliwa 1991. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mwaka uleule bwana mkubwa wangu akaniambia maziko ni siku moja, "siku hizi Malindi ni hapa tu". Hapa tu! Yeye hajawahi kufika Malindi ila kuogelea.

Sasa barabara inapanuliwa kutoka Mombasa kuja Mtwapa na Kilifi. Ni heri. Ila kila barabara ikinyooka kuna mtu ofisini anayefupisha ruhusa yako. Binti, umweleze bosi wako njia kwa saa. Usimweleze kwa kilomita, kilomita hazimtishi.

Dere wa Alfajiri

Babu umenena. Mimi ndiye ninayewapeleka.

Tangu sheria za mwaka 2004 gari la abiria mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na kidhibiti mwendo kimefungwa. Kilomita 120 kwa 80, hata barabara ikiwa tupu kama msikiti baada ya Isha, ni saa moja na nusu. Hiyo ni bila kushusha Matsangoni, bila kupakia Kibaoni, bila matuta, bila daivashoni za mkandarasi, bila polisi, bila Mtwapa. Kwa hiyo makanga akikwambia "baada ya saa mbili mko mjini", anakuuzia kiti.

Na hawa wa ofisini ndio wanaonitia presha. Ikifika Vipingo, pale kwenye mashamba ya mkonge barabara inaponyooka, nasikia nyuma: "Dere, kanyaga, nina mkutano." Mkutano ni wako, shingo ni ya watu kumi na wanne. Niliwahi kumjibu mmoja, mpigie mkubwa wako mwambie dereva amekataa kuua. Alinyamaza mpaka Buxton.

Kingine hakuna anayekisema. Mimi nikikupeleka alfajiri na kukurudisha usiku, nami nimeamka saa tisa. Mkirudi nyote siku tano, madereva waliochoka watakuwa wengi zaidi.

Mwenye Ofisi Ndogo

Haya, nimewasikia. Nitarudi nyuma hatua moja, sio mbili. Ningekuwa mimi mkubwa wa dada ningesema siku tatu ofisini, zile siku ambazo meli zake zimeingia na kuna ukaguzi, na kijana akae naye siku hizo. Siku mbili akae kwake. Lakini nauli silipi. Nikilipa ya Malindi, kesho wa Mariakani ataleta yake, na wa Likoni atataka ya kivuko, nacho hakilipiwi na anayetembea kwa miguu.

Mhudumu wa Watamu

Na mwembe?

Mwenye Ofisi Ndogo

Mwembe mwambie mwenye hoteli.

Binti wa Shela

Nawashukuru. Nimefuata ya Dada wa Vifungu: nimepata jumbe nne za mkubwa, moja ya Septemba 2020 inasema wazi "endelea kukaa huko mpaka tutakapokubaliana vingine". Tutakapokubaliana! Nimeichapisha kwa rangi. Na nimefuata ya babu: kwenye barua yangu sikuandika kilomita hata moja. Nimeandika saa, kutoka mlangoni hadi mlangoni, na dawa za baba nimeziweka kwenye mstari wa kwanza.

Nimeomba siku tatu ofisini, kuingia saa tatu na kutoka saa tisa, saa zilizobaki nizimalizie nyumbani. Kijana mpya wa ofisini nitamchukua mimi mwenyewe bandarini. Hilo nimelitoa kwa Mwenye Ofisi Ndogo na simlipi chochote. Nauli nimeidai pia. Akatae yeye, mimi sijikatalii.

Barua nimeipeleka leo kwa mkono. Mkubwa ameisoma amesimama, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akasema atanijibu Ijumaa. Nimetoka saa kumi na moja. Sasa ni saa moja na robo usiku, niko Mtwapa, na gari halijasogea tangu Magharibi. Jirani amempa baba chakula, amenitumia picha ya kisosi kitupu. Anayejua njia ya ndani ya kuikwepa hii jamu aniandikie upesi.

Dere wa Alfajiri

Hakuna, dada. Ingekuwepo ungenikuta huko. Mimi ndiye gari la tatu nyuma yenu.