Naomba ushauri: gp3 au io2 kwa databesi, na st1 kwa logi?

Habarini wakuu. Niko AWS, na gp2, gp3, io2 na st1 ni aina za diski zake za EBS (tatu za kwanza ni SSD, st1 ni HDD). Nina databesi ya PostgreSQL kwenye diski ya gp2 ya GB 200. Kwa ukubwa huo msingi wake ni IOPS (operesheni za kusoma na kuandika kwa sekunde) 600 tu. Akiba ya kupanda hadi 3,000 ikiisha, foleni inajaa na hoja ya SELECT ya milisekunde 5 inafika 80. Nimeongeza RAM na indeksi. Usomaji umepungua, ila uandishi wa WAL (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo PostgreSQL huiandika kwanza) bado unakwama. gp3 inaanza na 3,000 hata diski ikiwa ndogo, kwa hiyo naielekea.

Je, kilele kikifika IOPS 9,000 gp3 itatosha, au ni lazima io2? Na logi nikizihamishia st1, itavumilia grep (amri ya kutafuta maneno) kwenye faili ndogondogo nyingi?