Kulinganisha faili za .mod: nibaki na make au nihamie Ninja?

Mbabala_Juu: Wakuu habari za jioni. Nina programu ya kukokotoa maji ya mvua, imeandikwa kwa lugha ya Fortran. Nikigusa mstari mmoja kwenye moduli ya chini (ile inayotumiwa na nyingine), make, yaani programu inayoamua kwa tarehe za faili kipi kikompailiwe (kigeuzwe lugha ya mashine), inakompaili karibu kila kitu upya. Niweke cmp (amri ya kulinganisha faili mbili) kwenye Makefile, faili la maagizo ya make, ilinganishe .mod ya zamani na mpya (faili ambalo kompaila huandika kueleza moduli kwa faili nyingine), au nihamie Ninja, mwenzake make, pamoja na CMake inayoiandikia maagizo? Jumatatu naanza kazi yenyewe.

Zabibu Mbivu: Kompaila gani? Na unachogusa ni hesabu za ndani au hoja za saburutini (thamani ambazo kipande cha programu hupewa kinapoitwa)? Bila hayo tunapiga ramli.

Mbabala_Juu: gfortran 13. Mara nyingi hesabu za ndani.

Zabibu Mbivu: Basi cmp ya nini? gfortran yenyewe ikiona yaliyomo hayajabadilika, inaiacha .mod ya zamani na tarehe yake. Kinachosumbua ni make: ikikuta .mod ni ya zamani kuliko .f90 (faili unaloandika mwenyewe), inarudia kukompaili kila ukiiita. Weka faili la muhuri pembeni, faili tupu ambalo tarehe yake inasasishwa kila .f90 ikikompailiwa, make iangalie hilo. Make inatosha kabisa.

Dada wa Kondoa: Ninja! Ina mpangilio uitwao restat: kazi ikiisha inaangalia tena tarehe ya faili lililotoka, kama haijasogea faili zinazolitegemea zinarukwa. Tangu toleo la 1.10 la mwaka 2020 inafuatilia na moduli za Fortran.

Mtera76: Jamani chungeni mnacholinganisha. Ofisi moja tulikuta kompaila ya Intel, ambayo .mod zake zina muhuri wa saa ndani, kwa hiyo cmp ilisema "tofauti" kila siku. Mtangulizi wetu akaandika skripti inayochambua majina ya saburutini tu na kulinganisha hayo. Ikaenda vizuri mpaka hoja moja ikabadilishwa kutoka real (namba ya desimali) ya baiti 4 kuwa ya baiti 8. Majina yaleyale, skripti ikaruka, faili zilizoiita hazikukompailiwa. Kuunganisha vipande kuwa programu moja kukapita bila kelele. Mvua ya Bahi ikatoka namba za ajabu, tukaanza kulaumu vipimo vya mvua! CMake yenyewe inajua kuruka muhuri ule, iachieni kazi hiyo.

Kijana_Chamwino: Si mtumie ccache, ile inayohifadhi matokeo ya kukompaili yasirudiwe?

Dada wa Kondoa: Mdogo wangu, hiyo ni ya C na ndugu zake. Fortran haimo.

Zabibu Mbivu: Mbabala, gawa moduli zako kwa submodule za Fortran 2008, yaani maelezo ya saburutini yabaki kwenye moduli mzazi na utekelezaji ukae faili jingine. Ukigusa utekelezaji, .mod ya mzazi haiguswi.

Mbabala_Juu: Programu yenyewe ya zamani mzee, kuigawa yote kabla ya Jumatatu sitaweza. Na umeme huku Nkuhungu unakatika katikati ya kazi.

Kijana_Chamwino: Betri ya laptop yako inashika saa ngapi? Mimi natafuta UPS hapa mjini, anayejua duka la bei nzuri aniambie.

Mtera76: Ya wati ngapi?