Wakuu, naomba ushauri: vibao vya kuonjeshea mbege vinapasuka na kunuka vanishi

Kihamba:
Wakuu, salaam. Naomba wenye ujuzi wa mbao mnisaidie, maana hili jambo nimeliweka moyoni na sitaki kulifanya ovyo.

Niko Marangu, Kilimanjaro. Wageni wakitoka kwenye maporomoko hupita kwetu, tunawaonjesha mbege, pombe ya ndizi na ulezi, anayopika mama mkwe wangu. Zamani mgeni alipewa kikombe kimoja, basi. Siku hizi tunampa glasi nne ndogo kwa mfuatano: maji ya ndizi yaliyochujwa kabla ya kutiwa ulezi, mbege ya siku ya kwanza ambayo bado ni tamu, ya siku ya pili, halafu ya siku ya tatu iliyokwisha kuwa kali. Zikikaa mbele yake kwa pamoja, mtu anaona kwa ulimi wake jinsi pombe hii inavyobadilika kila kukicha. Wengine hunyamaza kabisa wakifika glasi ya nne, halafu wanarudi kuonja ya kwanza.

Ili kuzibeba nikatengeneza vibao vitatu vya paini. Kila kimoja sentimita 60 kwa 12, unene inchi moja, mpini upande mmoja, matundu manne yaliyotokeza chini. Cha kwanza kimepinda, glasi zinasimama upande. Cha pili kimepasuka kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Cha tatu mpini ulikatika mikononi mwa mke wangu akivuka kizingiti, glasi zote nne chini. Vanishi nayo inabanduka, na mgeni mmoja aliniambia kwa upole kwamba pombe inanukia rangi. Hilo liliniuma kuliko glasi zilizovunjika, kwa sababu mama yule anaamka alfajiri kumenya ndizi.

Ruta, ile mashine ya kuchimbia mashimo na mifereji kwenye mbao, sina. Nina msumeno, randa, drili ya umeme na msasa. Nianzie wapi?

FundiKitasa:
Pole sana mkuu. Kabla sijasema kitu, naomba vipimo vya glasi: kitako na mdomo. Na mbao ulinunua lini, ukaipasua lini?

Kihamba:
Kitako sentimita 5.2, mdomo 6.4. Glasi inaingia mililita 150. Mbao nilinunua Jumamosi, Jumatatu nikaanza kazi.

FundiKitasa:
Basi ugonjwa wa kwanza ni huo. Mbao ilikuwa mbichi. Mbao mbichi ikikaukia kwenye umbo ulilolichonga lazima ijikunje, na penye tundu ndipo penye udhaifu, itapasukia hapo. Mafundi tunahesabu takriban mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene. Huna mwaka wa kusubiri, kwa hiyo nenda karakana ya samani uombe mabaki ya mbao waliyokwisha kuikausha. Kujua kama imekauka kweli, ipeleke kwenye mizani ya dukani, andika uzito kwa penseli juu ya mbao yenyewe. Rudia kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Ugonjwa wa pili ni mpini. Piga hesabu: pombe mililita 600 ni kama gramu 600, glasi nne tupu zinaweza kufika gramu 600 nyingine, kibao chenyewe kilo moja. Umebeba zaidi ya kilo mbili kwa mkono mmoja, na uzito wote uko mbele. Ukichonga shingo nyembamba ya mviringo ili ipendeze, unakata nyuzi za mbao palepale zinapobeba mzigo. Nyuzi zipite moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha, na shingo isipungue sentimita 5. Ningekuwa mimi ningeacha mpini kabisa, nikatoboa pa kushikia pande zote mbili, mkeo abebe kwa mikono miwili. Kizingiti hakitamsumbua tena.

Matundu sasa. Tafuta ile biti ya mviringo tunayotobolea kitasa cha mlango. Ya milimita 54 ni ya kawaida madukani, na kwa kitako chako inabakiza nafasi ya milimita moja kila upande. Kwa kuwa huna ruta, fanya tabaka mbili. Chukua ubao wa milimita 12, toboa matundu manne, halafu uugundishe juu ya ubao mwingine wa milimita 12 usio na tundu. Unapata shimo lenye sakafu, glasi inasimama badala ya kuning'inia. Nyuzi za tabaka zote zielekee upande mmoja, ukizipishanisha zitavutana. Gundi iwe ya mbao, ile isiyoachia kwa maji, na ubane usiku kucha. Kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lingine weka sentimita 9. Midomo itaachana kwa sentimita 2.6, kidole kinapita.

Mabaki ya Mninga:
Naunga mkono yote, ila tabaka mbili bila njia ya maji ni kosa. Mbege inatoa povu, inamwagika pembeni ya glasi, inatuama kwenye shimo na kugandisha glasi kama imegundishwa. Toboa katikati ya kila shimo kitundu cha milimita 6 kitokee chini. Maji yanatoka, na glasi ikikwama unaisukuma kwa kidole.

Kuhusu mbao, mninga. Ukikauka umekauka, haunywei wala kuvimba hovyo kama mbao nyingine, na rangi yake na ile mbege ya ulezi zinaendana. Vaa barakoa unapopiga msasa, vumbi lake huwasumbua watu wengine kifuani. Kaa mbali na mwerezi na mkulo, harufu zake nzuri kabatini, mbaya karibu na pua ya mtu anayeonja kitu. Mkongo nao ukilowana unaweza kuachia rangi ya njano kwenye vitambaa.

Mgrevilea:
Mninga ni bei, na kuusafirisha kutoka unakopatikana hadi Marangu lazima uulizie vibali vya misitu. Mkuu una mgrevilea kihambani, shambani hapo nyumbani, imesimama kwenye kahawa kila mahali. Ikipasuliwa vizuri ina madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki, hakuna mbao nyingine nyepesi inayopendeza vile. Uache tu ukauke.

Mabaki ya Mninga:
Sibishi uzuri wake. Ila unacheza sana ukipata maji. Kwa chombo kitakachofutwa kwa kitambaa chenye maji kila siku, mimi bado nasema mninga.

DadaWaDawa:
Habari zenu. Nafanya kazi duka la dawa, nichangie kwenye kupaka. Mafuta ya parafini ya maji, yale yasiyo na rangi wala harufu tunayouza kwa wenye kukosa choo, ndiyo yanayofaa ubao wa chakula. Tafadhali sana msichanganye na mafuta ya taa, kuna sehemu neno parafini linamaanisha mafuta ya taa. Soma chupa, uliza mfamasia.

Pasha sehemu nne za mafuta na sehemu moja ya nta ya nyuki, kwa uzito, ndani ya sufuria iliyokalishwa kwenye maji ya moto. Usiweke moto moja kwa moja. Paka yakiwa vuguvugu, acha yalale usiku, futa asubuhi. Alizeti usiguse, itachacha ndani ya mbao na harufu haitoki.

MamaUlezi:
Mwanangu, mbege tumenywea kwenye kata ya kibuyu tangu nikiwa mtoto, inapita mkono kwa mkono kuanzia kwa mkubwa. Sikukatazi glasi zako, wageni wanataka kuona. Lakini usiiondoe kata mezani. Tatizo la kata ni kitako chake cha mviringo, haisimami. Kwa nini usitoboe kibao tundu moja kubwa lililopenya, ukingo wake umelainishwa kwa mteremko, kata ikae humo? Glasi tatu na kata moja. Ile ya siku ya tatu iende kwenye kata.

Kihamba:
Shikamoo mama. Umenipa kitu ambacho sikukiwaza kabisa, asante sana. Asanteni nyote.

Kihamba (baada ya wiki tano):
Wakuu, narudi na matokeo. Nilipata mabaki ya mninga kwa fundi samani mjini Moshi, makavu. Mizani haikusogea wiki mbili mfululizo. Tabaka mbili, mashimo matatu ya glasi yenye vitundu vya maji, na tundu moja la kata. Hilo tundu nilitoboa matundu madogo kuzunguka mstari, nikamalizia kwa patasi na msasa uliozungushiwa kwenye kipande cha bomba. Msasa 80, 120, kisha 240. Baada ya 120 nilipangusa kwa kitambaa chenye maji, vinyweleo vya mbao vikasimama, nikavikata kwa 240. Hilo alinifundisha yule fundi samani wa Moshi aliyenipa mabaki.

Nta na mafuta nilipaka mara tatu. Mama mkwe alikinusa kibao mbele na nyuma kabla hajasema lolote, halafu akamimina mbege ya siku ya tatu kwenye kata mwenyewe.

Swali moja limebaki. Ukingo wa tundu la kata umeanza kushika doa jeusi pale pombe inapochuruzika. Nikipiga msasa na kupaka upya litatoka, au uchachu umeshaingia ndani?

FundiKitasa:
Kabla ya msasa, sugua kwa ndimu na chumvi, futa, kisimamishe kwa ncha kikauke usiku mzima. Usikilaze. Likibaki, msasa 240 pale pale tu, halafu mafuta. Tuwekee picha mkuu.