Wenye nyumba wa Dar, mnatupangisha tanuri halafu mnadai kodi ya miezi sita

Wakuu, salaam. Nina hasira, kwa hiyo nikipiga kelele mtanivumilia.

Kila ikifika Januari mpaka Machi hapa Dar tunaimba wimbo uleule: joto la mwaka huu halijawahi kutokea, dunia imeharibika, tumwombe Mungu. Sawa, dunia imeharibika, sibishi. Mwaka 2024 ndio uliovunja rekodi ya joto duniani tangu watu waanze kupima, na Machi ya mwaka huohuo jirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule kwa sababu joto lilikuwa linaelekea nyuzi 45. Lakini Dar haijafika 45. Mchana wa Februari Dar ni 32, 33, basi. Sasa mtu aniambie, kwa nini saa nane za usiku nje kuna kaupepo unatamani ulale barazani, na ndani kwangu dari nikiigusa kwa kiganja ni ya moto? Ndiyo, dari naigusa, kwa sababu nikisimama juu ya kitanda naifikia. Hilo nalo ni la dunia? Hilo ni la baba mwenye nyumba na fundi wake.

Nakaa Tabata, chumba, sebule na jiko. Nyumba mpya kabisa. Picha alizonitumia dalali ungelia kwa furaha: ukuta wa kijivu kilichokolea, mlango mweusi, bati halionekani. Ndiyo hii fasheni ya sasa, kuta zinainuliwa kupita bati ili paa lijifiche. Inapendeza kwenye simu. Ila maana yake hakuna hata shubiri moja ya paa iliyotokeza nje kuukinga ukuta. Ukuta wangu wa magharibi, ambao ndio wa chumba cha kulala, unachapwa jua kuanzia saa nane mchana mpaka linazama, na tofali la sementi likishashiba jua halilali nalo, linakurudishia wewe usiku kucha. Saa mbili usiku ukiegemea, mgongo unakuomba msamaha.

Dirisha ni moja. La aluminiamu, lile la kusukuma. Vioo viwili, kimoja kinapita nyuma ya kingine, kwa hiyo hata ukilifungua lote umefungua nusu. Hiyo nusu ina wavu wa mbu ulioshika vumbi mpaka umekuwa kitambaa. Nje ya wavu kuna grili. Nje ya grili, hatua moja na nusu, kuna ukuta wa fensi uliopanda mpaka umeipita linta, na juu yake vipande vya chupa. Kaskazi inavuma huko baharini inatafuta watu wa kuwapoza, ikifika kwetu inagonga fensi inarudi zake Kigamboni. Na hata kile kidogo kinachopenya hakina pa kutokea, maana mlango nao uko upande uleule wa dirisha. Fundi alisomea wapi huyu?

Nilimpigia mwenye nyumba. Nikampa heshima zake zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kodi tayari?"

"Muda wake bado mzee. Nilikuwa naomba tutoboe matundu ya hewa juu ya dirisha na kule juu ya mlango, tuweke na nyavu. Gharama nitachangia nusu."

"Matundu? Binti, hiyo nyumba ya kisasa. Utaniharibia sura ya nyumba. Wewe nunua AC."

Nikamuuliza, na AC si lazima utoboe ukuta? Akasema huo ni utoboaji mwingine, na siku nikihama niuzibe mwenyewe.

Haya, tufanye hesabu ya hiyo AC. Kale kadogo kabisa kanavuta kama kilowati moja. Saa nane za kulala ni uniti nane. Usiku kumi ni uniti 80, na mnajua mwenye matumizi madogo akivuka uniti 75 kwa mwezi anatolewa kwenye bei nafuu. Yaani kabla mwezi haujafika hata nusu nimeshahama daraja. Tena hiyo bei nafuu sisi tunaisikia kwenye redio tu, kwa sababu wapangaji wanne tunachangia mita moja, na kila jioni kuna kesi ya nani alipiga pasi. Pangaboi langu la wati 70 nikiliwasha kwa muda wa saa kumi halimalizi hata uniti moja, na bado mama wa chumba cha mbele anahesabu. Halafu pangaboi lenyewe linafanya nini? Linachukua hewa ya moto iliyoganda chini ya dari linanishushia kichwani.

Nina mtoto wa miezi saba. Shingo yote vipele vya joto, kwapani vipele, analia mpaka sauti inakauka. Zahanati wamempa losheni, na nesi akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, mtoto umuweke mahali penye hewa." Dada yangu, ningekuwa napo hapo mahali ningekuja kwako?

Na msiniambie "wewe mtu wa pwani bwana, joto umezaliwa nalo". Nimezaliwa nalo, ndiyo maana najua hili la sasa si lile. Babu mzaa mama alikuwa na nyumba Magomeni, ile ya vyumba sita mnayoijua, baraza mbele, korido katikati inakwenda moja kwa moja mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Mlango wa mbele na wa uani ukiwa wazi, korido inapitisha upepo mpaka kanga zinapepea kwenye kamba. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha tatu wanakuambia pole. Siri hazikukaa nyumba ile, ugomvi wa mtu na mkewe ulikuwa taarifa ya habari, lakini hewa ya moto ilikuwa na njia ya kupanda na kutoka. Uani kulikuwa na mwarobaini. Chini yake ndiko kulikopikwa, kulikosukwa nywele, watoto walilazwa kwenye jamvi mchana. Ikifika kaskazi yenyewe, jioni bibi ananyunyiza maji pale uani mpaka vumbi linatulia, mikeka inatolewa, anayelala nje analala nje. Maji ya kunywa yako mtungini, kwenye kona yenye kivuli, juu ya mchanga uliolowa, kata inaning'inia pembeni. Feni ilikuja baadaye sana, ya mezani, na ilikuwa ya mgeni.

Na bati la nyumba ile lilikuwa bati kama hili letu! Kwa hiyo wale wanaokimbilia kunijibu "rudini kwenye makuti basi", subirini. Makuti ni mazuri, hayashiki joto na yanapumua, lakini yanaoza, yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na kwa nyumba zilivyobanana mjini cheche moja tumekwisha mtaa mzima. Sijaomba makuti. Naomba ile akili.

Akili hiyo ilikuwepo pwani yote. Nendeni Mji Mkongwe Unguja, nendeni Lamu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na ushee. Vyumba vyembamba virefu, kwa sababu boriti za mikoko zinaishia karibu mita tatu, lakini dari iko juu huko. Vichochoro vimebanwa makusudi ili nyumba hii iitilie kivuli nyumba ile. Wale hawakuwa na umeme wa kuwafichia makosa. Ukijenga vibaya unalala vibaya, wewe na watoto wako, kwa hiyo walijenga wakifikiria.

Hata mkoloni alilijua hili, na hapa ndipo damu inaponichemka zaidi. Mjerumani alipojenga hospitali pale Ocean Road mwaka 1897 aliizungushia veranda pana zinazotazama bahari. Mwingereza akaja akaigawa Dar kanda tatu: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Oysterbay, kwenye upepo, wakakaa wao. Mwafrika akapewa Kariakoo na Ilala, ndani, nyuma ya mji. Upepo ulikuwa mali na waliugawana kwa rangi ya ngozi. Na bado huyo Mwafrika aliyesukumwa ndani alijenga nyumba yenye korido na ua, akaupata upepo wake. Tukapata uhuru, tukajenga chuo kikuu Mlimani pale, kilima chenye hewa, na majengo mengi ya chuo yale ya zamani yana korido za wazi na madirisha pande mbili. Tulikuwa tunajua! Leo hakuna Mwingereza anayetuzuia, tunauziba wenyewe kwa plasta na jipsamu.

Mtu atasema ni hisia zangu tu. Hapana. Joto la Dar ni la unyevunyevu, na hesabu ya watu wa hali ya hewa inasema nyuzi 32 zikikutana na unyevu wa asilimia 70 mwili unahisi kama uko kwenye 40. Mwili unajipoza kwa jasho kukauka. Hewa ikiwa imeshiba maji na haitembei, jasho halikauki, linakutiririka tu bure. Ndiyo maana 32 ya Dodoma unaivumilia na 32 ya Dar inakuua. Kinachotuokoa pwani ni hewa inayotembea, hakuna kingine cha bei rahisi. Na sisi ndicho hicho tulichoamua kukiziba.

Halafu paa. Tuko karibu na ikweta, jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, kwenye tarehe kumi hivi ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo anayepigwa kuliko wote ni bati. Bati likichemka, hewa iliyo kati ya bati na dari inachemka, na kama haina tundu la kutokea inakaa humo mpaka alfajiri inawapikia walio chini. Dawa yake si roketi. Acha matundu yenye wavu pande mbili za paa, hewa itajitoa yenyewe. Paka bati rangi nyeupe badala ya nyeusi. Tokeza paa nje hata hatua moja. Hivi vyote havifikii bei ya lile geti la mwenye nyumba wangu lenye vichwa vya simba.

Mti hapa kwetu ulikuwepo, msidhani haukuwepo. Mwembe mkubwa, kivuli chake kilikuwa kinafunika nusu ya nyumba mchana. Mzee kaukata mwaka jana, eti majani yanachafua, kaweka vitofali uwanja mzima ili gari lake likija kudai kodi lisikanyage tope. Saa saba mchana watoto hawawezi kuvikanyaga miguu mitupu. Na tangi la maji jeusi liko juu ya mnara, halina hata kipande cha turubai. Ukitaka kuoga jioni ujipoze, maji yanatoka ya kuchovya majani ya chai. Inabidi uyakinge asubuhi kwenye ndoo, uyafunike, uyaweke chini ya meza. Ndiyo maisha ya nyumba ya kisasa hayo.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Mliosema "jenga yako", asanteni. Nikijenga nitawaalika. Kwa sasa wengi wa mji huu ni wapangaji, na mwenye nyumba anayepokea pesa ya miezi sita mkononi anauza kitu, hatoi sadaka. Anayeuza samaki waliooza mnamfokea, huyu mnamwita mzee wa watu.

Mkuu uliyesema mbu wataingia kwenye matundu: wavu. Babu yangu hakuwa nao, wewe unao dukani kwa mita.

Fundi uliyejitokeza, nimekuelewa. Umesema wewe unaambiwa na tajiri "nataka kama hii" anakuonyesha picha ya nyumba ya Dubai kwenye simu, na ukimwambia uache matundu anatafuta fundi mwingine. Nakuamini. Lakini mwambie pia kwamba hiyo nyumba ya Dubai imefungwa kila mahali kwa sababu ndani yake kiyoyozi hakizimwi, na bili hailipwi na mpangaji wa Tabata anayeuza vitenge.

Dada wa Mbagala, ule ujanja wako wa kulowesha shuka na kuitundika dirishani nimeujaribu. Kwako unafaa kwa sababu upepo unafika. Kwangu shuka imekaa imelowa mpaka asubuhi, haijatikisika, na chumba kimeongeza fukuto.

Kodi yangu inaisha mwezi wa nne na sirudishi hata shilingi pale. Natafuta chumba na sebule, Ilala, Magomeni, Kigogo, hata Buguruni. Sitaki dari ya jipsamu. Sitaki dirisha la kusukuma, nataka la mbao au la vioo vya kulaza, yawe mawili, kuta tofauti. Paa litokeze. Mti ukiwepo naongeza elfu kumi kwa mwezi. Nyumba ikiwa ya zamani imechakaa rangi sijali. Mwenye nayo aje PM, yaani aniandikie faragha, madalali mniache kwanza, na picha msinitumie: nitakuja mwenyewe saa tisa mchana, nifunge mlango, nikae ndani nusu saa.